Samaki wa Sukari

Nyumbani,
Ghorofa ya tatu.
Tarehe 14 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. U mzima wewe, shemeji na watoto? Goti lako je, bado linakusumbua kwenye ngazi? Sisi huku hatujambo kwa afya, ila mwenzako nimeduwaa mpaka leo. Keti kwanza ndipo uendelee kusoma.

Jumapili nilimwambia Mama apumzike, chakula cha mchana nitapika mimi. Usicheke! Samaki wa kuoka hana kazi: unamchanja ubavuni, unampaka mafuta, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, unamtia kwenye oveni, basi. Nilimwomba Baba, aliyekuwa jikoni anasoma gazeti, amwangalie, nikaenda kuoga.

Niliporudi, harufu ya kuungua ilikuwa imejaa mpaka sebuleni. Mkia umekuwa mkaa, na Baba yuko hatua mbili tu kutoka kwenye oveni, ametulia na ukurasa wa michezo. Nilinuna kimoyomoyo.

Mezani, Mama akamega kipande, akatia mdomoni, akaganda. Nami nikaonja. Dada, utamu! Samaki mzima nilikuwa nimempaka sukari. Tukatazamana, kicheko kimetubana mbavuni. Baba yeye anakula tu, tonge baada ya tonge.

"Umejitahidi, mwanangu. Chumvi imekaa penyewe."

Tukaangua kicheko tukidhani anatania. Yeye hakucheka. Alitutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, kisha akasukuma sahani.

"Samaki ana nini?"

Sikuwahi kumwona Baba akilia mpaka siku ile. Kumbe tangu yale mafua makali ya mwaka jana hasikii ladha wala harufu. Miezi minane! Mpishi mkuu wa hoteli nzima! Akasema huwa anachungulia ukumbini kuwatazama wanaokula. Wakikunja uso, anajua amekosea. Mama alijishika mdomo. Analala naye kitanda kimoja na hakujua.

Alihofia kazi yake. Lakini Mama hakumung'unya maneno: "Kesho utawaambia mwenyewe, kabla hujamlisha mtu kitu kilichooza." Asubuhi alipiga pasi koti lake jeupe, nikamsindikiza hadi hotelini.

Alianza na msaidizi wake, yule mama mcheshi mwenye sauti nene. Alimsikiliza huku anamenya viazi, hata kisu hakukiweka chini.

"Mzee, sufuria zako nazikoleza mimi tangu mwezi wa tisa. Nilikuwa nangoja uniambie tu."

Baba akakaa juu ya gunia la vitunguu.

Meneja amekubali wapike pamoja, Baba aongoze, mama yule aonje. Daktari anasema ladha huenda ikarudi, huenda isirudi. Wiki ijayo atapimwa tena.

Jana Baba alipika hapa nyumbani. Aliniita, akanipa kijiko cha mchuzi, akasimama mbele yangu kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Mimi, Dada, ambaye hata kitunguu aliniambia sijui kukata! Nikamwambia chumvi imezidi. Akaongeza maji, akaniuliza tena.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakukumbatia. Mungu akutunzie afya na wote walio mkononi mwako. Mpigie Baba simu, wala usijifanye hujui.

Wako akupendaye,
Kitindamimba