Kidonge Nilichokiacha Kwenye Futari

Alhamisi, Tibirinzi. Mvua imeacha, jirani ameanika tena karafuu zake, na mimi nimelala.

Naandika mara ya pili ili nilione neno lenyewe: nimelala.

Tangu nirudi Pemba, baada ya umri mzima Maskati, nilikuwa silali. Nikisinzia tu, choo chaniita. Nikirudi kitandani, macho makavu. Nilijiambia kuwa kisiwa nilichokililia miaka yote kimenikataa. Nikamwambia mwanangu anitafutie tiketi ya kurudi kwake Maskati.

Sababu nyengine sikuitafuta.

Jumatatu ilikuwa kliniki yetu ya sukari na presha. Bi Time, jirani yangu wa benchi, alisinzia hata kichwa kikaniangukia begani. Akaniomba radhi: usiku nyayo zamuwaka moto, hapati lepe. Mzee aliyekaa mbele yetu akageuka, akasema yeye huamshwa na kiu. Mkewe akadakia kuwa akiamka yeye, huamka nyumba nzima.

Kumbe benchi zima halilali! Nami nilidhani ni huzuni yangu peke yangu.

"Na wewe, Bi Maskati, wakeshezwa na nini?" akauliza Bi Time.

"Choo."

"Ile dawa ya presha ya kukojoza wainywa saa ngapi?"

"Baada ya futari."

Benchi likaangua kicheko.

"Futari! Bibi we, Idi zote mbili tumeshakula, wewe ungali wafunga?"

Kweli. Mwezi wa Ramadhani, nilipokuwa ndio kwanza nimefika, daktari aliihamisha dawa yangu ya asubuhi kwenda jioni, kwa ajili ya saumu. Mwezi ukaandama, nikavaa nguo mpya, nikala Idi, dawa nikaiacha pale pale. Mtu niliyesoma vitabu vyote hivi!

Muuguzi aliposikia alicheka mpaka akavua miwani, akamwona daktari, dawa ikarudishwa asubuhi. Bi Time naye akapelekwa kupimwa miguu. "Mbona hamsemi?" muuguzi akatugombeza. "Wagonjwa wengi wa maradhi haya hawalali, na kila mmoja ananyamaza kama kaiba."

Leo nimeamshwa na adhana. Nimebaki kidogo kitandani, harufu ya karafuu ikiingia dirishani, nikacheka peke yangu.

Nimempigia mwanangu aiache tiketi.

"Kwa hiyo hurudi tena, mama?"

Nirudi wapi, baba, na nimesharudi?