Msimamizi Mpya wa Uwanja Wangu wa Kahawa

Jumatatu, 8 Julai 1974

Nimegeuza kahawa iliyoanikwa uwanjani tangu asubuhi. Natikisa punje sikioni, najua kama imekauka. Kagoma nzima hakuna mwingine. Kuandika pia nimejifunza uzeeni, kisomo cha watu wazima. Niliwaacha wote nyuma.

Leo chama cha ushirika kimeniletea msimamizi. Binti wa Bukoba mjini, Ma Koku. Juu yangu mimi. Alipiga magoti palepale vumbini, na viatu vyake vizuri. "Shikamoo, Ta Laurenti." Heshima ya "Ta" kanipa, lakini niliitikia kwa shida. Kahawa yangu ya kutafuna sikumpa. Ile ni ya wageni. Huyu si mgeni, amekuja kukalia kiti changu.

Jumatano, 10 Julai

Deo, kibarua wangu, hakugeuza lundo lake. Limepata joto, limeota ukungu. Na ndiye mtu wangu bora, baada yangu. Nilimwita gogo mbele ya wote. Akaokota reki yake tu. Hilo likaniudhi zaidi.

Katibu wa chama amesema Deo atafukuzwa Ijumaa. Lori linakuja Jumamosi. Bila Deo magunia hayajai. Magunia yasipojaa, jina langu limekwisha.

Alhamisi, 11 Julai

Ma Koku hakumgombeza Deo. Alivua viatu, akashika reki, akageuza kahawa karibu naye. Hakuuliza neno. Nilicheka.

Mchana Deo akaanza kusema mwenyewe. Wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa. Migomba huko haijashika. Kaburi la baba yake limebaki kwenye kibanja cha zamani, linamezwa na majani. Alfajiri hupita kule kupalilia, akifika kazini miguu imekwisha.

Msimu mzima niko naye. Sikujua. Nilikuwa nasikiliza kahawa.

Jioni binti akanijia. "Ta, uwanja ni wako. Deo akichelewa kuja asubuhi, halafu abaki kufunika kahawa jioni, unaonaje?" Nilijua ameshaamua. Lakini kuulizwa ni kutamu. Nikasema ndivyo nilivyokuwa nafikiri.

Ijumaa, 12 Julai

Katibu amekuja akifoka. Ma Koku hakupandisha sauti. Alimpa kigoda, akamuuliza goti lake linaendeleaje. Mtu aliyekaa hafoki vizuri, nimeona leo kwa macho yangu. Ndipo akamwambia: limeharibika lundo moja, Deo akiondoka utaharibika uwanja.

Katibu akauliza nani atabeba lawama lori likikosa mzigo. Binti akasema ni yeye. Nikasema hapana, ni mimi. Mdomo ulitangulia. Sijuti. Nina hasira kidogo tu.

Hiki nilichokiona si cha kufundishwa darasani. Wasimamizi wote niliowahi kuwaona, Wazungu na sisi wenyewe, hakuna aliyemfikia. Waliijua kazi. Huyu anawajua wanaoifanya.

Katibu amemwacha Deo, na Deo amefanya kazi ya watu wawili. Karibu anifikie mimi wa zamani.

Jumamosi, 13 Julai

Lori limekwenda Bukoba, limejaa.

Deo alikuja jua limeshapanda, majani yameganda kwenye suruali. Nikamsogezea reki. Jioni amefunika kahawa, jamvi kwa jamvi, bila kuambiwa.

Tukakaa chini watatu. Nikatoa kahawa ya kutafuna. Mgeni hupewa mkononi. Wa nyumbani hujichukulia. Nimeiweka katikati yetu, nikatazama pembeni.

Ma Koku akajichukulia.