Nyanya za Kwenye Picha Ile

Ijumaa, saa nane mchana. Niko Mlandege, Iringa. Jua lipo, lakini upepo unapenya hadi chini ya blanketi.

Kwa misimu sita nimeficha jambo hili: nyanya mnazoziona kwenye picha iliyo juu ya blogu hii hazikuwa za kilimo hai. Nilizipiga dawa ya dukani.

Naandika kwa kidole kimoja. Moyo umechoka, daktari amelisema hilo kwa upole, na binti yangu Sabina, anayeniuguza hapa kwake, siku hizi hanigombezi hata nikikataa uji. Naelewa maana yake.

Wasomaji wa zamani mnalijua shamba langu la Ruaha Mbuyuni, ekari moja na nusu kando ya mfereji. Nilipostaafu ualimu udongo wake ulikuwa mgumu kama tofali. Kwa samadi na mboji, miaka minne baadaye ungeweza kuuingiza mkono hadi kwenye kifundo. Asubuhi nyingine nilikuwa nauchota nainusa tu harufu yake, mzee mzima. Hilo sikudanganya.

Kisha wakaja kantangaze, wale wadudu wanaojichimbia ndani ya jani na kutoboa tunda. Dawa yangu ya pareto, mwarobaini na pilipili, iliyorowekwa siku tatu, iliwapunguza tu. Na wageni walikuwa wanakuja baada ya wiki mbili kutazama shamba la mwenyekiti wa kikundi chetu cha kilimo hai.

Mwenyekiti ni mimi.

Nikanunua chupa moja. Alfajiri nikaimimina kwenye bomba la mgongoni, nikapiga shamba zima. Wageni wakaja, wakapiga picha, wakaandika kanuni yangu ya pareto. Nami nikaiweka hapa kwenye blogu.

Chengula aliifuata neno kwa neno. Shamba lake liko chini ya langu, kwenye mfereji uleule. Msimu uliofuata nyanya zake zikakauka kama zimepitiwa na moto. Akanijia, kofia mkononi, utani bado mdomoni: "Mwalimu, kantangaze wa kwangu hawajasoma. Hawaielewi dawa yako."

Nikamwambia hakuroweka siku tatu kamili.

Alikuwa ameroweka nne.

Maji ya mfereji yalipofungwa, kikundi kikafanya ukaguzi. Kwetu wakulima tunakaguana wenyewe, na neno la mwenzako ndilo cheti chako. Chupa tupu ya dawa ikaonekana kwenye matope, pale mfereji unapoingia kwa Chengula. Aliapa kwamba si yake. Nani angemwamini mtu aliyetoka kupoteza shamba zima? Tukamtoa. Barua niliisaini mimi.

Tangu msimu wa picha ile sijapiga tena dawa ya dukani. Kila mwaka wadudu wanachukua fungu lao, nami navuna kilichobaki. Ndivyo kilimo hiki kilivyo, na ndivyo nilivyopaswa kuwaonyesha wale wageni.

Leo asubuhi Chengula amekuja kunijulia hali, amepanda basi na mfuko wa nyanya.

"Kamwene, Mwalimu. Umekonda! Hata kantangaze hawana pa kuingilia."

Sabina akacheka. Mimi nikajaribu.

Kisha akakaa, akashusha sauti. Kesho kikundi kinakutana. Wamemwambia atarudishwa akikiri kosa. Mkewe amechoka kunyooshewa vidole kanisani.

"Nitasema tu chupa ilikuwa yangu, yaishe. Nimezeeka kukataa. Unaonaje, Mwalimu?"

Nikafumba macho, nikajifanya nimepitiwa na usingizi.

Akanifunika miguu, akaondoka kwa kunyata.

Sabina amesoma hadi hapa. Ameziosha zile nyanya moja moja, akazipanga mezani mbele yangu. Najua kikundi kizima kinasoma blogu hii, ndiyo maana nabonyeza kutuma kabla mkono haujaghairi.

Chengula, kesho usikiri chochote. Chupa ile niliitupa mimi kwenye mfereji, kule juu upande wangu, na maji yakaileta kwako. Lebo yake ilikuwa imechanika pembeni, pale nilipoifungua kwa meno.

Wakaguzi walipoinyanyua kutoka kwenye matope niliitambua palepale. Kalamu ya kusaini barua ile nilikuwa bado sijaishika.