Mabati ya Kaburi Langu

Jumamosi. Mvua ya asubuhi imekatika na Luzira yote, mtaa wetu wa kando ya ziwa, inanukia udongo mbichi. Kifua kinabana, miguu imevimba, nami nina furaha ambayo sikuitazamia katika umri huu. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, nikipumzika kila baada ya sentensi chache.

Daktari ameacha kuniambia kwamba nitapona. Amekuwa mpole mno, na mtu mzima anajua maana ya upole wa namna hiyo. Kwa hiyo acha niseme.

Tangu mke wangu Rosa afariki, sikumwamini Mungu tena.

Watakaosoma haya kanisani kwetu watashtuka. Mimi ni mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu wa shule ya kambi ya jeshi, na msomaji wao wa kila Jumapili. Nilisoma vizuri. Ila kila tulipofika mahali pa kukiri imani na kusema "nasadiki," nilikohoa. Wote walidhani ni kifua.

Kanisa letu ni dogo, la ibada ya Kiswahili, kwenye mteremko wa kwenda bandari ya Port Bell. Tumo Wakongo waliokimbia vita na familia za askari na polisi, wengi wetu watu wa kaskazini mwa nchi. Kuta tulijenga, paa likatushinda, tukafunika kwa turubai. Upepo wa ziwani ukalichana. Kila mvua iliponyesha, watu walipungua. Nikaamua kuwaambia tufunge, kila mtu atafute kanisa lingine. Kusema kweli, nilijihisi kama mtu aliyepewa ruhusa ya kwenda zake.

Kwetu sadaka si fedha tu. Mtu huleta mkungu wa ndizi, mwingine kuku, na ibada ikiisha vitu hivyo hupigwa mnada palepale uani. Jumapili niliyokusudia kusema maneno yangu, Mama Zawadi alikuja na bati kichwani.

Huyu ni mama wa Bukavu, ambaye kando ya barabara huuza dagaa wakavu, ambao hapa tunawaita mukene. Bati lile ndilo lililokuwa paa la meza yake. Lilikuwa na matundu ya misumari na harufu ya samaki. Dalali wetu, askari mmoja mcheshi, akaliinua juu.

"Nani anataka nyumba ya kuku? Mwenye kuku anyooshe mkono!"

Mikono ikanyooshwa kweli. Mama Zawadi akaruka.

"Weye! Shusha iyo bati! Iyo haiko ya kuuzisha! Iko ya juu, ya nyumba ya Mungu!"

"Mama, hapa kila kitu inauzwa."

"Basi uzisha kwanza suruali yako!"

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Nami nilicheka, lakini changu kilikuwa cha dharau. Bati moja! Hata hivyo, baada ya kicheko kile sikupata pa kuingizia habari ya kufunga kanisa. Nikaiahirisha.

Wiki hiyo nilipita kwa boda nikienda kliniki. Nikamwona Mama Zawadi kwenye meza yake amekaa juani, kitenge kichwani, na vijana wa boda wanamtania: "Mama, mukene yako leo inakauka mara mbili!"

"Na bei inapanda mara mbili! Leta pesa!"

Niliporudi, mvua ilikuwa inamwagika. Dagaa alikuwa amewafunika kwa nailoni. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa chapachapa. Nikamwomba dereva asimame.

"Mama Zawadi, chukua bati lako. Kanisa haliezekwi kwa bati moja."

"Mzee, miye nikilowa nakauka. Watoto ya kanisa wakilowa hawarudiake. Enda nyumbani. Ukikufa hapa, watasema mukene yangu ndiyo ilikuua."

Nilicheka mpaka nyumbani. Kisha kicheko kikaisha, nikabaki na swali. Mwanamke aliyeacha kila kitu kwao ametoa na kivuli chake cha mwisho. Amempa nani? Kama hakuna wa kupokea, basi amelowa bure.

Na uso niliouona mvuani haukuwa wa mtu aliyelowa bure.

Sikuwa peke yangu niliyeuona. Jumapili iliyofuata fundi wa baiskeli alileta mabati ya ua wake. Mke wa polisi akaleta ya jikoni. Hakuna aliyekuwa amewahubiria. Dalali naye akaja na bati jipya, akisema amelinunua ili suruali yake isalimike.

Chini ya kitanda changu kulikuwa na mabati mapya. Kwetu, upande wa Arua, kaburi la mtu mzima husakafiwa kwa saruji, na mwenye uwezo hujengewa kibanda cha bati juu yake asinyeshewe. Nilijinunulia yangu mapema. Katika mambo yote ya mbele, kaburi tu ndilo nililoliamini.

Nikamwambia binti yangu Ayikoru, ambaye ni polisi, ayapeleke kanisani.

"Baba, ndugu zako watanila mzima! Kaburi ya Mwalimu inyeshewe kama shamba ya mihogo?"

"Mihogo ikinyeshewa huota," nikamjibu.

Alijaribu kukasirika, akashindwa. Akacheka, akalia kidogo, halafu akapiga simu kuita gari.

Leo asubuhi tulikusanyika kuombea paa lililokamilika. Walinibeba na kiti changu. Ni paa la ajabu: jekundu, la buluu, la kutu, na mabati yangu yaking'aa kama meno ya bandia. Mchungaji alipoanza kuomba, mvua ikashuka. Kelele zikammeza. Bati la Mama Zawadi, pamoja na lami yote waliyolipaka, likadondosha tone juu ya upara wa mchungaji. Akafumbua macho. Mama Zawadi akapiga vigelegele, na sote tukaacha kuomba tukacheka.

Watoto walikuwa wakavu.

Katikati ya kelele zile nililisema neno langu, polepole. Nasadiki. Hakuna aliyenisikia, hata Ayikoru aliyekuwa amenishika bega.

Kesho ni Jumapili, na nitalisema kwa sauti. Maisha yangu yote nimesimama mbele ya watu bila woga. Mbona jioni hii moyo unanidunda, kama mtoto anayelijua jibu na anaomba mwalimu amwite yeye?