Mstari Uliokosekana Kibandani Tawhera

Tarehe 9 Juni

Bibi,

Naomba nianze na jambo hili kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitajificha ndani yake na barua itaisha. Anko Garth hakuteremka na mto. Alipanda mlimani, akavuka upande wa pili kwenda Mwamba wa Chai. Aliniambia mwenyewe, mimi peke yangu, akanituma niandike hivyo kwenye kitabu cha kibanda, na sikuandika. Hakuna mtu anayejua. Baba hajui, Kahu hajui, hata paka sijamwambia.

Sasa shikamoo, Bibi. Magoti hayajambo? Kile kifaa kipya cha masikio kinasaidia, au bado unakiacha kwenye sahani ya matunda? Sisi huku tu wazima, isipokuwa nyumba ya Anko Garth, Anti Heeni na Kahu mtoto wao, na hiyo unaijua.

Nataka uelewe ilivyokuwa. Kambi zetu ulizianzisha wewe: kiangazi ziwani kwenye mahema, vuli kibandani Tawhera kusikiliza kulungu dume wakinguruma, kipupwe hapohapo kwenye theluji, na machipuko kule Mwamba wa Chai, familia mbili kubanana chini ya jiwe moja. Sheria nayo ni yako, kwamba mdogo kuliko wote ndiye anayeandika kitabuni: tuko wangapi, tumetoka wapi, tunaelekea wapi. Nimeandika tangu nina miaka sita. Sasa nina kumi na minane, shule nimemaliza, na bado mdogo ni mimi, kwa kuwa Kahu alinitangulia miezi mitano.

Mwezi wa Aprili, kwenye kambi ya vuli, Jumamosi jioni, niliandika hivi: “Watu watano. Kesho tunateremka na mto hadi kwenye magari.” Asubuhi wenzetu walitangulia. Anko Garth alikuwa ngazini anafunga kiatu.

“Merry,” akasema, “mimi nakatiza kwa juu. Nataka kuliona jiwe letu kabla theluji haijalifunga. Mtanikuta kwenye magari nimeshachemsha chai.”

“Na goti?”

“Goti halijauliza, wewe unauliza. Usimwambie Heeni, atanifunga kamba kama mbuzi. Badilisha kitabu tu. Kitabu kikijua, inatosha.”

Akaondoka anapiga mluzi. Nikarudi ndani. Wawindaji wanne walikuwa wameingia, wamelowa, wamekaa mezani, na mmoja alikuwa anasoma kitabu kwa sauti ya kuigiza. Akafika kwenye maandishi yangu. “‘Kulungu wamenguruma mara kumi na moja.’ Huyu nani, karani wa kulungu?” Wakacheka wote. Sikusema ni mimi. Nilisimama mlangoni na begi mgongoni. Kalamu ilikuwa chini ya kiwiko chake. Ningesema tu, “Samahani, kalamu.” Maneno mawili, Bibi. Nikatoka.

Kwenye magari Anti Heeni akaniuliza, “Garth hakuwa nyuma yako?” Nikasema, “Alikuwa anafunga kiatu.” Mvua ikaanza. Nilijiambia yuko chini ya jiwe, ana jiko na majani ya chai, kesho atatokea anacheka. Asubuhi waokoaji wakaja na kitabu kutoka kibandani. Mkubwa wao akasoma nilichoandika, akanishika bega. “Ungejua ni wangapi hawaandiki kabisa,” akasema. “Umeturahisishia kazi.”

Baada ya hapo sikuweza. Kila siku iliyopita ilifanya siku iliyofuata iwe nzito zaidi. Siku kumi na moja walipekua mto uliofurika. Helikopta ilipita juu ya kipito, njia ya kuvukia mlimani, mara moja, ikaona theluji, ikarudi. Jiwe letu halionekani kutoka juu, unajua. Sasa wote wanasema alichukuliwa na maji.

Sili vizuri. Kazini, kwenye kiwanda cha vitunguu, wananiita Bubu, na sijali. Niambie nifanye nini.

Mjukuu wako,
Merryn


Tarehe 15 Juni

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Magoti yapo. Kifaa kipo kwenye sahani.

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Sitakuambia usilie, maana mimi nimelia.

Sheria ile ya kuandika niliwapa watoto kwa sababu sisi wakubwa tulikuwa wavivu, tunataka kukaa karibu na moto. Nilisema ni ya kuwafundisha mwandiko. Garth alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na miwili mwenye mikono miwili. Angeweza kurudi ndani akaandika mwenyewe. Ninakuambia hili mara moja tu, tena si ili ulifanye mto wa kulalia. Kalamu chini ya kiwiko, hilo ni kosa la mtoto mwenye haya. Siku kumi na moja za kunyamaza ni kitu kingine, na hizo ni zako.

Heeni ameniandikia. Kila Jumapili anakwenda ukingoni na kiti cha kukunja, anakaa, anaongea na maji. Merryn, anaongea na maji ambayo mumewe hayumo.

Nenda kwake. Usinijibu barua hii, nenda. Mimi sitasema, kwa sababu nikisema mimi, utabaki bubu maisha yako yote.

Kunywa uji wa shayiri asubuhi, uweke sukari ya kutosha.

Bibi yako


Tarehe 2 Agosti

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko Oamaru haijakuingia kifuani. Huku theluji imefika hadi kwenye uzio.

Najua uliniambia nisijibu. Nimekaa wiki saba nikisubiri niwe na cha kukuandikia, na sina. Nilikwenda. Nimekwenda mara nne.

Mara ya mwisho nilibeba keki ya ndizi. Anti Heeni alikuwa ametandaza mahema yote sebuleni ili yakauke, lile la bluu la ziwani na lile lenye tundu ambalo Anko aliliziba kwa kiraka cha suruali. Akanipa begi la kulalia la Anko Garth.

“Lichukue wewe,” akasema. “Kahu hataki kuligusa. Wewe ndiye uliyemwona mwisho. Alikuwa anacheka?”

“Ndiyo, Anti.”

“Alisema nini?”

Niliyaona maneno yote yamejipanga, Bibi, kama watu kwenye foleni. Nikasema, “Aliniambia nisichelewe.”

Akatabasamu. Anasema huyo ndiye Garth hasa, yeye ndiye wa kuchelewa halafu anawaharakisha wengine. Alilishukuru hilo neno la uongo.

Kahu akanisindikiza hadi getini. “Wewe siku hizi umekuwa kama friji,” akasema. “Mtu akikufungua, anapigwa na baridi tu. Baba ni wangu, si wako. Mbona wewe ndiye unayekonda?” Nikashika komeo la geti. Akasema mwishoni mwa Septemba watakusanyika wote kibandani, halafu wateremke mtoni kuweka jiwe lenye jina lake.

Begi lake liko juu ya kabati. Bado linanuka moshi.

Merryn wako


Tarehe 8 Agosti

Merryn,

Mimi mzima. Sikiliza.

Septemba theluji inalainika. Oktoba wawindaji wanavuka kipito. Mmoja wao akiinama chini ya jiwe lile kabla hujasema, Heeni ataambiwa na mgeni kwenye simu. Halafu ataanza kujiuliza Garth alikwenda huko kwa nini na nani alijua.

Jiwe lenye jina lisiwekwe mahali pa uongo. Mdomo ukishindwa, una mkono.

Bibi


Tarehe 30 Septemba

Bibi,

Shikamoo. Nasikia umetoka hospitali, na Baba amesema ilikuwa ni kifua tu. Samahani sikupiga simu, najua husikii kitu simuni, lakini ningeweza kujaribu.

Nimesema. Au nimeandika.

Jumamosi tulikuwa kibandani Tawhera watu kama ishirini. Wengine walikuwa nje na chupa za chai na mikate ya nyama, Baba na wenzake wakipokezana lile jiwe ili wajue litabebwaje. Mmoja akasema, “Garth mwenyewe hakuwa mzito hivi,” wakacheka kidogo, halafu wakaliweka chini. Niliingia ndani. Kitabu kilikuwa kilekile, waokoaji walishakirudisha. Nikafungua ukurasa wa Aprili. Chini ya mistari yangu nikaandika: “Mabadiliko. Garth anavuka kipito kwenda Mwamba wa Chai, peke yake. Alimwambia Merryn aandike. Merryn hakuandika.” Nikaweka tarehe ya ile Jumapili, na pembeni tarehe ya siku hiyo. Mkono uliandika wenyewe, Bibi. Halafu nikatoka kumwita Anti.

Alisoma akiwa amesimama. Alisoma tena kwa kidole. Akafunga kitabu taratibu, akatoka, akakaa ngazini, palepale alipokuwa amekaa Anko akifunga kiatu.

“Alijua ningemkataza,” akasema. “Kwa ajili ya goti.”

“Ndiyo, Anti.”

“Miezi mitano, Merryn. Nimekaa kwenye kile kiti miezi mitano.”

Kahu alikuwa amesikia. Alisema, “Usinisogelee,” kwa sauti ndogo kabisa, afadhali angepiga kelele. Baba alilibeba jiwe peke yake hadi kwenye gari na hakuniangalia.

Waokoaji watavuka Jumamosi ijayo hali ya hewa ikiruhusu. Nilidhani sitaruhusiwa kwenda. Lakini jana Anti alikuja mlangoni kwetu, hakuingia, akasema, “Utakuja. Mwamba wa Chai mnaujua nyinyi watoto kuliko mtu yeyote.” Akaondoka.

Nitakuandikia.

Merryn


Tarehe 14 Oktoba

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole na kifua. Baba amesema sasa unatembea hadi dirishani, na hilo limenifurahisha.

Tumempata. Utakuwa umeshaambiwa. Nataka nikuambie ambayo hukuambiwa.

Tulivuka kipito tukiwa tisa, tumetawanyika. Kila mtu alipewa filimbi, ukiona kitu piga mara tatu. Ukungu ulishuka na mimi nikawa mbele kwa sababu najua njia, ile ya kupita kwenye nyasi ndefu na kuuacha mti uliopinda mkono wa kushoto. Nilifika peke yangu. Alikuwa ndani, amekaa, ameegemea mahali pake pa siku zote, koti limefungwa hadi shingoni. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa na fimbo na kamba za viatu. Sitaandika zaidi ya hapo.

Miguuni pake palikuwa na lile kopo la maziwa tunamoweka daftari la kuandikia tukiwa pale jiweni. Filimbi ilikuwa shingoni mwangu. Nilisoma kwanza.

Jumapili ameandika: “Nimeteleza, mguu umevunjika, nimejikokota hadi hapa. Chai ipo. Merry ameandika kitabuni, kesho watafika.” Huo ni ukurasa wa kwanza.

Halafu kuna Jumatatu. Kuna Jumanne. Kila siku ameandika kidogo, na kila siku ameandika kwamba nimeandika. Alhamisi amesikia helikopta, mbali, upande wa mtoni. Ameuliza, “Kwa nini mtoni?” Jumamosi gesi imekwisha, anakula theluji. Jumapili ya pili anasema mwambieni Heeni alikuwa sahihi kuhusu goti. Jumatatu mwandiko umekuwa mkubwa kama wa mtoto. Kuna maneno mawili tu: “Pengine Merry”. Baada yake pako peupe.

Siku tisa, Bibi. Na waokoaji walikuwa mtoni siku kumi na moja.

Nilisikia Anti akiniita kwenye ukungu, “Merryn, umefika? Merryn, mwanangu, jibu.” Alisema mwanangu, tangu kibandani hajaniita hivyo. Nikauacha ukurasa wa Jumapili, nikachana zinazofuata, nikazitia ndani ya soksi. Kopo tupu la gesi, ambalo lingesema aliishi siku nyingi, nikalisukuma ndani ya begi langu. Halafu nikapiga filimbi mara tatu.

Daftari lile kila mtu huchana kurasa zake kuwashia moto, hakuna aliyeshangaa. Anti alisoma ukurasa mmoja. Mkubwa wa waokoaji akamwambia kwa baridi ile na mguu ule, huenda ni usiku wa kwanza, pengine wa pili. Anti alilishika neno hilo kwa mikono yote miwili. Tukiwa tunateremka akaniambia, “Hakungoja sana. Usiku mmoja. Hata kama ungesema siku ileile, kwa mvua ile nani angepanda?” Akanishika mkono hadi kwenye magari. Wakati wa mazishi Kahu alikaa karibu yangu, akaniegemea, akasema, “Friji wewe,” akalia.

Wamenisamehe kwa ajili ya usiku mmoja. Hawajui kuhusu zile siku nane.

Nimejiuliza kila siku kama nilichana kurasa zile ili Anti alale, au ili nilale mimi. Nikimtazama anavyokula sasa, anavyoongea na watu, najibu la kwanza. Nikiwa peke yangu najibu la pili. Kumwambia ni kumrudisha chini ya lile jiwe, amngojee mumewe siku tisa. Kutomwambia ni kurudi mlangoni mwa kibanda na begi mgongoni, kalamu iko chini ya kiwiko cha mtu. Na safari hii mkono hautanisaidia, kwa kuwa mstari wenyewe aliuandika Anko.

Wewe uliniambia niseme, nikasema, na ulikuwa sahihi. Sasa usiniambie hivyo tena. Kurasa zimo ndani ya bahasha hii, nane. Siwezi kuzichoma, na siwezi kukaa nazo nyumba moja. Ziweke kwenye kile kisanduku chako cha uzi, chini kabisa. Usimwandikie Heeni, Bibi, wala Baba usimwambie, hata akikuuliza mbona unalia. Nakuomba sana, iwe siri yako na yangu.

Mjukuu wako,
Merryn