Paka wa Liborio

Mtaa wa Elizabeth, Nambari 241,
New York.
9 Novemba, 1931.

Mpendwa shemeji Crocifissa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wanangu Nunzia na Santo. Hamjambo? Mama anaendeleaje na macho yake? Na yule mbuzi mweupe, alizaa salama? Mimi bado nasimama. Mgongo unaniuma na meno mawili yameng'oka, lakini kazini naenda.

Mwezi wa Machi nilikuandikia kwamba marehemu kaka Liborio alikufa kwa homa ya mapafu. Nilikudanganya, shemeji. Leo nakwambia kweli kwa sababu sinema zetu za katuni zimepakiwa melini kuja Italia, na ile ya paka imo. Wanasema itafika huko kwetu Caltanissetta kabla ya Pasaka. Nami najua Liborio aliwaandikia watoto waisubiri, na kwamba paka akianguka juu ya paa la vioo, wajue aliyevunja vile vioo ni baba yao.

Kazi yetu unaijua nusu tu. Wachoraji wakishamaliza, picha huonyeshwa ukutani. Wapiga muziki hupiga huku wakiitazama, na sisi vibarua hutoa vishindo: mabati, kengele, vyungu vya kuvunja. Sauti zote hunaswa na mashine kwa mkupuo mmoja, dakika saba. Taa nyekundu ikiwaka, hata kukohoa hakuna. Ukiharibu, wote wanaanza upya, na wewe kesho usije.

Siku ile Liborio alikuwa juu ya ngazi na sanduku lake la vioo. Alikuwa na furaha. Kwenye majaribio alimcheka yule paka mara tano, mpaka mpiga ngoma akamwambia, "We Mtaliano mla vitunguu, umekuja kucheka au kufanya kazi?" Naye akamjibu, "Niache, kaka. Wenzako wanalipa kiingilio, mimi nacheka bure." Kisha taa ikawaka.

Alivimwaga vioo sawasawa na paka alivyotua. Halafu ngazi ikateleza, naye akavifuata. Kioo kikamwingia pajani. Alipiga ukelele mmoja tu. Akaitazama taa, akauma mkono wa shati lake, akanitazama mimi, akaweka kidole midomoni.

Nami nikanyamaza, shemeji. Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Nilisimama na bati langu, nikalipiga mahali pake, mara tatu, na damu ikafika kwenye viatu vyangu. Wale wengine walidhani ni mchezo, lakini mimi nilijua. Kule nyumbani kwenye mgodi wa salfa, mtu akiangukiwa na jiwe sote tulipiga kelele mpaka walio juu wasikie. Hapa nilifunzwa kunyamaza, nikafunzika. Daktari alisema angefungwa lile paja mapema angepona.

Siku tuliyotoka makaburini, bosi wetu Bwana Haskell aliisikiliza ile kazi. Nilikuwa nafagia hapo hapo. Akasema, "Msikate hapo. Ukelele kama huo hata umlipe mwigizaji hupati." Hawakuukata. Tena wameuchukua wakautia kwenye picha nyingine mbili, moja nguruwe anaangukiwa na piano, nyingine polisi anatumbukia kisimani. Kaka yangu ameshakufa mara tatu katika mji huu, na kila mara watu wanapiga makofi.

Nilikwenda kuiona ile ya paka. Mama mmoja mnene aliyekaa karibu nami alicheka mpaka akamwaga karanga zake. Akanipiga bega, "Vipi wewe, umefiwa?" Nikamwambia sijafiwa.

Basi nakuomba, usiwapeleke watoto. Wakilia, waache walie. Na Mama ndiye hasa umzuie. Watu watakwambia haoni, kwa hiyo haidhuru. Masikio anayo, na sauti ya mwanawe hajaisikia miaka saba. Ataijua.

Ile ngazi sasa napanda mimi. Jumatatu ijayo tuna sinema ya jogoo, nitamwaga masufuria. Taa ikiwaka, nanyamaza.

Ukitaka kunilaani nilaani, ila usiache kuniandikia. Na kama sinema itatangulia barua hii, mkawa mmeshacheka, msijilaumu. Hakuna aliyemcheka yule paka kuliko yeye.

Nisalimie Mama, lakini haya usimsomee. Nisalimie mjomba Rosolino na mkewe, na wote wa pale kisimani wanaoniulizia. Mungu awape mkate, na awape usingizi ambao mimi sina.

Ni mimi shemeji yako niliyenyamaza, na nikupendaye bado,

Gaspare