Kilichoziba Vichujio

Coimbatore, 14 Novemba 2023

Baba mpendwa,

Vichujio vyote vinne vya mtambo wa maji taka ninaouendesha kwenye jengo hili vimeziba. Mwenyekiti wa wakazi, Bwana Thangavel, ametangaza hivyo leo langoni, akidai nimeviunguza kwa dawa. Samahani, salamu zimechelewa: mimi mzima, kikohozi cha Mama je?

Bakteria wa kwenye tangi wanakula uchafu vizuri. Maji ndiyo hayapenyi kwenye nyuzi za vichujio, pampu inavuta mpaka inalia. Nilidhani ni chokaa ya maji ya kisima, nikaosha kwa asidi. Hali ikazidi kuwa mbaya. Nisipojua sababu kabla ya Jumatatu, watanunua vipya na mimi nitafute kazi.

Mwanao, Yazhini

Karaikudi, 15 Novemba

Yazhini mwanangu,

Mama hakohoi tena, sasa ana pumzi ya kunigombeza. Nilifundisha kemia hadi kustaafu, lakini vichujio hivyo sijaviona, kwa hiyo nauliza tu. Uzi ukiupitisha vidoleni unakwaruza au unateleza? Na tatizo lilianza lini hasa? Thangavel mwache, kelele haizibui kitu.

Baba yako

Coimbatore, 17 Novemba

Baba, hamjambo huko?

Unateleza! Nimeloweka kipande cha uzi kwenye maji moto; yameelea matone ya mafuta, yananuka ufuta. Pampu ilianza kulemewa asubuhi ya sikukuu ya Deepavali. Nyumba mia tatu humu jengoni, na kama desturi ya siku hiyo wote walijipaka mafuta kichwa hadi miguu wakaoga kabla ya jua kutoka. Mwaka jana vichujio hivi havikuwepo. Asidi haiyeyushi mafuta. Najaribu kostiki vuguvugu, ile ya watengeneza sabuni.

Yazhini wako

Karaikudi, 18 Novemba

Mwanangu, sisi wazima. Na mwakani je? Nani atamkataza mtu kama Mama yako mafuta yake? Mimi simo.

Baba

Coimbatore, 19 Novemba

Baba, salamu kwenu wote.

Kichujio cha kwanza kinapitisha maji. Nilimwita Bwana Thangavel aone.

“Kwa hiyo binti, unasema ni sisi?”

“Ni ufuta, mjomba. Hata wewe bado unanukia.”

Alicheka, kisha akasema kimoja si vinne. Mafuta sitamkataza mtu. Nimeomba shimo la kuyanasa kabla hayajafika kwenye tangi. Vitatu vilivyobaki vimelowekwa kwenye kostiki. Kesho Jumatatu saa nne asubuhi tunawasha pampu, na kipimo cha mvuto wake atakisoma yeye mwenyewe.

Mwanao, Yazhini